Mama fua wa Manyatta aliyeitiwa ustadh kwa sababu ya yoga

Saa tatu asubuhi, nyuma ya nyumba moja mtaani Milimani, Kisumu, Salme Abeid ameinama juu ya beseni lenye blanketi lililolowa, na hasogei.

Mwenzake, Dorca, anaacha kusugua kola na kumtazama. "Nyamera, dada yangu, ni mgongo?"

Salme anavuta pumzi ndefu puani, anaitoa taratibu, kisha anakunja magoti na kujiinua kidogo kidogo. Anausogelea ukuta, anaegemeza viganja na kurudisha kiuno nyuma mpaka mgongo unanyooka kama meza. Povu linamchuruzika viwikoni.

"Ilikuwa inataka kuja," anasema hatimaye. "Nimeiwahi."

Mwezi wa pili mwaka jana hakuiwahi. Alilinyanyua blanketi kama hili peke yake kulipeleka kambani, akasikia kitu kikilia kiunoni, akaanguka katikati ya mabeseni. Dorca na mlinzi wa jirani walimbeba mzobemzobe hadi kwenye gari.

Hospitalini aliambiwa pingili za kiuno zimebana mshipa. Akapewa dawa, akaelekezwa mazoezi, akakatazwa kuinama.

"Kumwambia mama fua asiiname ni kama kumwambia mvuvi asilowe," anasema mama huyu wa watoto watatu, mkazi wa Manyatta. Kazi hiyo humpa shilingi mia tano hadi mia nane kwa siku, na ndiyo aliyoishika tangu aolewe.

Alilala kitandani zaidi ya mwezi. Mumewe, Mujahid, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akitoka asubuhi kutafuta riziki. Aliyebaki naye ni mama mkwe wake, Bi. Zuhura. Ndiye aliyemgeuza, akamlisha, akamwosha.

Salme aliporudi kazini, alianza na pasi tu. Ndipo siku moja akamkuta mwajiri wake, Debra, mhadhiri wa chuo kikuu kule Maseno, amepiga magoti kwenye zulia, mgongo ukipanda na kushuka kama wa paka anayeamka. Salme alidhani ameugua.

"Hii ni yoga," Debra alimwambia. "Ukitaka, tuwe tunafanya pamoja kabla hujashika pasi."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Salme alitaka kupona haraka, kwa hiyo alijikunja kuliko mwalimu wake. Wiki ya pili shingo ilimkaza hata akashindwa kugeuka akiitwa.

"Nilidhani ni mashindano," anakumbuka akicheka. "Debra akaniambia, 'Salme, hakuna mtu anakupea namba hapa. Pumua kwanza.' Nikaona huyu mama ananichezea. Kupumua si kila mtu anapumua?"

Lakini alipoacha kujilazimisha, usiku ukaanza kupita bila maumivu kumwamsha. Akaipeleka yoga nyumbani: akingoja maji yachemke ananyoosha miguu, akianua nguo anakumbuka kukunja magoti. Jioni, watoto wakiwa madrasa, alitandika shuka kuukuu sakafuni na kujinyoosha.

Hapo ndipo balaa lilipoingia.

Jioni moja Bi. Zuhura alisukuma mlango bila kubisha. Akamkuta mkwewe amepiga magoti, paji la uso sakafuni, mikono imenyooshwa mbele. Kuelekea jikoni, si kibla.

"Salme! Unasujudia nini?"

Salme aliinuka kueleza, lakini Bi. Zuhura alikuwa keshageuka. Hakunywa hata chai. Kabla ya magharibi, jirani wawili walikuwa wamesikia kwamba mke wa Mujahid amefundishwa ibada ya masanamu na tajiri wake.

Siku zilizofuata, Mujahid alikula bila kuinua macho. "Nilikuwa naogopa," anakiri fundi huyo. "Mama ni mama. Na mke ni mke. Ningesema nini?"

Ijumaa, baada ya swala, alirudi nyumbani na mama yake pamoja na Ustadh Alamin, mwalimu wa madrasa ya watoto wao. Salme alivuta ushungi, akaketi mkekani. Alijua wakimkataza, mgongo utarudi. Na asipokubali, huenda asiwe na nyumba.

"Ukiinama vile, unasema nini?" ustadh alimuuliza.

"Sisemi kitu, Ustadh. Nahesabu pumzi."

"Hakuna maneno ya dini nyingine? Hakuna wa kumwomba?"

"Hakuna. Nafuata mgongo tu."

Ustadh alisema kama ni mazoezi ya tiba, yeye haoni kosa, ila ajiepushe na lolote lenye sura ya ibada nyingine, na mkao ule unaofanana na sijida auache, watu wasije wakachanganyikiwa. Salme alikubali.

Bi. Zuhura hakuridhika. "Na watu je? Watasema nini?"

Salme, ambaye hakuwahi kumjibu mama mkwe wake, aliinua uso.

"Mama, wewe ndiye uliyeniosha. Ulinigeuza kama mtoto mchanga, ukalia ukidhani nimelala. Nilikusikia. Unataka kuniosha tena?"

Bi. Zuhura alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Mujahid alitoka nje akasimama uani.

Bi. Zuhura hakusema ndiyo siku ile, wala hajasema mpaka leo. Lakini wiki iliyofuata alikuja jioni Salme akijinyoosha, akavuta kiti mlangoni, akakaa akiwa amempa mgongo.

"Siipendi," Bi. Zuhura anamwambia mwandishi bila kuficha. "Ila wapita njia wanachungulia. Kwa hiyo mlango nafunga mimi."

Huku Milimani, blanketi limekwisha kusuuzwa. Linangoja kunyanyuliwa. Salme anachuchumaa, analishika, analipima uzito. Kisha Salme analiachia.

"Dorca, njoo tulishike wawili."

"Ungekuwa yule wa zamani ungelibeba," Dorca anamtania wakilivuta kwenda kambani.

"Yule wa zamani alibebwa."

Sasa Salme anatafuta chumba cha kukutana na mama fua wenzake Jumapili mchana, awaonyeshe yale machache aliyoyajua. Dorca ameahidi kuja, kwa sharti kwamba hatachekwa. Salme mwenyewe anasema bado ni mwanafunzi. Kuna siku anaamka mgongo umekakamaa kama kuni.

Alipougua, aliswali akiwa amelala, kwa kuashiria kichwa tu.

"Nataka nizeeke nikiswali kwa miguu yangu," anasema akikamua pindo la blanketi. "Niiname mwenyewe, niinuke mwenyewe. Mjukuu asiitwe kunishika mkono."