Mlango wa Bibi Wakati wa Radi

Juzi nilipita Nateete, na ngurumo ya kwanza ya msimu iliponikuta barabarani, nikajikuta nautafuta kwa macho mlango wa bibi yangu. Haupo. Pamesimama ghorofa.

Wewe uliyekulia Kampala unazijua mvua zetu: zile za Machi hadi Mei, kisha za Septemba hadi Novemba, zote zikitanguliwa na upepo wa ziwani na radi za kupasua mawe. Wingu jeusi likitanda, hakuna mtoto aliyekosa kazi. Tuliingiza sigiri ya makaa ndani na katogo la ndizi likitokota juu yake, tukapanga masufuria nje kukinga maji ya mabati, tukafunika kioo kwa leso, maana kioo huita radi. Aliyevaa nyekundu alivuliwa bila mjadala. Halafu majirani wakafunga milango yao. Bibi akafungua wa kwetu.

Alikaa mkekani akiuelekea, mvua ikimlowesha miguu, sisi tukitetemeka nyuma yake. Jirani yetu Mkenya, muuza mitumba, alipaza sauti kutoka dirishani kwake: "Nyanya, funga mlango! Radi itaingia!"

"Radi haibishi hodi, mwanangu," Bibi alimjibu. "Anayebisha ni mtu."

Mama ndiye aliyenieleza baadaye. Wakati wa vita, alasiri moja ya mvua na mizinga, mlango wetu uligongwa. Bibi akasema ni radi tu, tulieni. Mvua ilipokatika wakakuta kofia ya mjomba, kitindamimba wa Bibi aliyekwenda vitani, imelowa kizingitini. Mwenyewe hakuonekana tena. Vita vilikwisha, watoto wa wenzake wakarudi, Bibi akabaki kuusubiri msimu wa radi.

Niliogopa, nakwambia. Radi nilishaizoea, nilichoogopa ni mjomba kutokea kweli, amelowa chapachapa, atuulize mbona tulikawia.

Bibi alifariki Januari, kiangazi kikali, mbinguni hata wingu hamna. Mlango tulikuwa tumeufunga kwa sababu ya vumbi.

Siku hizi mvua zimekosa adabu, huja zitakapo. Wala hakuna anayefunika kioo. Lile ghorofa lina geti la chuma na mlinzi asiyemjua yeyote wa zamani. Nilisimama mbele yake nikalowa, ngurumo zikija moja baada ya nyingine kutoka ziwani, na mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Mjomba akija leo, atabisha wapi?