Mpokee Mgeni, Usipokee Mche

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu Zamda. Nilikuwa nimesimama katika shamba la chini kule Kinole, lile lililo kando ya kijito, mikono yangu miwili imebeba miche ya michungwa, nami nacheka. Nilikuwa kijana, na nilidhani nimepewa zawadi.

Nitakusimulia siku hiyo, lakini kwanza nikuombe radhi kwa ya juzi. Mliniita chumbani kwako Bigwa, mkanikalisha kwenye kiti chenye mto, mkaniambia, "Mjomba, wewe ndiye mkubwa wetu, sema neno." Nikasema chai ni tamu. Hilo ndilo neno pekee nililotoa, wakati jambo lenu ni zito na jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa. Usidhani nilinyamaza kwa hekima. Nilikuwa nimechanganyikiwa, halafu kuna jambo la zamani lilinirudia. Ndiyo maana naandika. Wasomee na wenzako.

Unanijua. Shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu makalio yangu hayakuzoeana na dawati. Nimekuwa utingo wa malori, nimechuma nyanya Mlali, nimefyatua matofali, nimelinda msikiti na nimelinda kanisa. Popote nilipofika nilifungua kitu nione ndani kuna nini: redio, saa, hata mzinga wa nyuki, na nyuki hawakupenda. Kwa hiyo ulipoanzisha ule mtandao wako mdogo wa wakulima, nilikuwa wa kwanza kukusumbua kwa maswali.

"Mjomba, ni kama laini za simu," uliniambia. "Wewe una laini ya kampuni hii, mimi nina ya kampuni ile, na bado tunapigiana. Sisi tuna mashine yetu hapa Bigwa, wenzetu wa Iringa wana yao, watu wa nchi nyingine wana zao, na zote zinazungumza lugha moja. Hakuna mwenye mtandao mzima."

"Na ile mikubwa ambayo kila mtu yumo?"

"Ile ni kama laini inayopiga kwa wenzake tu. Ukitoka, unawapoteza wote uliokuwa unaongea nao."

Hapo nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Niliuliza kwenye mtandao wako kwa nini nyanya huoza kitako, akanijibu mama mmoja aliye kwenye mashine nyingine kabisa. Mpaka leo sijui anaishi wapi, na nyanya zangu zikapona.

Sasa mmoja wa wale wenye mitandao mikubwa amejifunza lugha yenu. Anasema milango yake ataifungua: watu wake wawasikie wenu, na wenu wawasikie wake. Anabisha hodi, nanyi mna hiari ya kumfungulia au kumfungia. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Kama ana watu wote hao, anatafuta nini kwenye chumba cha Bigwa chenye feni moja? Nilikuuliza. Ukasema labda sheria za huko kwao zinambana, labda anataka kuonekana mwema, labda ameona mbele ndiko dunia inakoelekea. Majibu matatu, mwanangu, na yote yanaweza kuwa kweli.

Halafu juzi wakaanza kubishana. Mama Sele, yule anayeuza mdalasini kutoka Kinole, alisimama kabla hajaambiwa asimame.

"Mnataka mdalasini wangu nimuuzie nani, nyani? Wateja wote wako kule. Fungueni!"

Gervas, mkulima wa mboga wa Mlali, akatikisa kichwa. "Tukifungua, mwaka hauishi, hakuna atakayekumbuka kuna mashine Bigwa. Tutakuwa kichochoro cha watu kupita kwenda kwake."

"Gervas, wewe hata kuku wako hawatoki nje."

"Ndiyo maana bado ninao!"

Mkacheka, nami nikacheka. Aliposema Mama Sele nilitikisa kichwa kukubali, aliposema Gervas nilitikisa tena. Nilirudi nyumbani shingo inauma.

Lakini kilichonirudisha kwenye hilo la zamani si ubishi huo. Ni ile barua pepe uliyotusomea mwishoni. Watu wa yule mkubwa wanasema wanajua mashine ndogo huelemewa, kwa hiyo watawatunzia bure picha zenu zote pamoja na daftari la majina ya wanachama, nanyi msihangaike tena. Chumba kizima kilipiga makofi. Nilikuona ulivyoshusha mabega, wewe unayeibeba mashine hiyo kama mtoto mgonjwa. Wote mlikuwa mnaona mzigo umetuliwa. Mimi niliona michungwa.

Sasa sikiliza.

Mjomba wangu, Mzee Mkude, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu kule Kinole. Mguu ulimuuma akateremka mjini kutibiwa, akakaa huko miaka minne kwa ndugu, na mashamba ya ukoo akaniachia mimi niyaangalie. Unajua desturi yetu: ardhi ni ya ukoo wa mama, na mgeni akitaka kulima hazuiliwi. Anaomba, anaonyeshwa, na kila mavuno analeta ngoto: kuku, au kapu la alichovuna. Ni kitu kidogo. Hata mimi nilikiona kidogo mno.

Akaja Bwana Sudi, mfanyabiashara wa mjini mwenye lori. Aliomba shamba la chini alime maharage. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli tulipona. Lori lake lilishusha ndizi zetu mjini kabla hazijaoza. Mama yangu alipoumwa na nyoka, ni lori hilo lililomfikisha hospitali. Mwaka wa kwanza akaleta kuku. Mwaka wa pili akaleta kuku na sukari. Mwaka wa tatu akaja na miche ya michungwa imefungwa kwenye majani ya mgomba.

"Kijana," aliniambia mbele ya watu, "mwaka huu sikuletei kuku. Kuku unamla leo, kesho umemsahau. Nakuletea kitu watakachokula watoto wa dada yako."

Nani angekataa? Dada yangu Mwajuma alikuwa bado binti, lakini nilishawaona watoto wake wakimenya machungwa. Nikaipokea kwa mikono miwili, tukaipanda pamoja, nikamsaidia hata kuchota maji. Nikamwambia, "Ngoto usilete tena, mzee. Wewe sasa ni wa hapa."

Mzee Mkude aliporudi, miche ilikuwa imefika kiunoni. Alisimama ameegemea fimbo, akaitazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza:

"Hii imefikaje hapa?"

"Ni ngoto, mjomba. Ya Bwana Sudi."

"Ngoto hutoka mkononi mwa mgeni ikaingia chunguni mwa mwenyeji. Hii imeingia ardhini. Wewe umewahi kuona ngoto yenye mizizi?"

Nikasema nitaing'oa, hata saa ile ile.

"Uliipokea mbele ya watu kwa mikono miwili, sasa uing'oe kama mwizi? Kaa chini." Nikakaa. "Maharage, mwenyewe akiondoka, huondoka nayo. Mti hubaki ukimngoja. Na yule kuku wa kila mwaka hakuwa mshahara wangu. Alikuwa ni kinywa cha mgeni kinachosema: shamba hili si langu. Umemwambia asiseme tena."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, ila baada ya guu kuvunjika.

Dada yangu Mwajuma alipoolewa, mumewe alikuja kwetu kama ilivyo desturi, na shamba walilopaswa kupewa ni lile la chini, lenye maji. Baraza likakaa. Bwana Sudi hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alisema, "Ardhi ni yenu, sikatai hata kidogo. Miti ndiyo yangu." Wazee walicheka, kisha wakampa haki, kwa sababu kwa desturi yetu mti ni wa aliyeupanda, na aliruhusiwa kuupanda. Chini ya michungwa ile iliyokwisha kufunga kivuli, Mwajuma angelima nini?

Alishuka na mumewe Bigwa, wakapanga chumba, akaanza kukaanga mihogo barabarani. Huko ndiko ulikozaliwa wewe.

Ndiyo, mwanangu. Mara nyingi umeuliza kwa nini wenzako wana shamba mlimani na ninyi hamna. Marehemu mama yako hakukujibu kwa sababu alinifichia aibu yangu. Hakunilaumu hata siku moja. Lakini kumbuka vizuri: uliwahi kumwona akinunua machungwa? Ulidhani hayapendi.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi, maana ningependa kukwambia Sudi alikuwa mtu mbaya, basi fungeni mlango, hadithi iishe. Hakuwa mtu mbaya. Bila lori lake nisingekuwa na mama. Na mwaka uliofuata ukoo uliapa kutompokea mgeni yeyote tena, shamba la juu likakosa wa kulilima, likawa pori, nyani wakahamia, ndizi zikaozea njiani. Kwa hiyo mlango wazi nimeuona, na mlango uliofungwa nimeuona. Mama Sele ana haki. Gervas ana haki. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, na bado sijui yule mkubwa moyoni mwake ana nini. Huenda hata yeye hajui. Nadhani hata Sudi, siku anafunga ile miche kwenye majani ya mgomba, alikuwa ananipenda.

Ninalolijua ni dogo, nalo ni hili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe, mwanangu. Hawakusema siku ya tatu pokea mche.

Mfungulieni. Azungumze nanyi, Mama Sele auze mdalasini wake, na mwenye swali la nyanya apate wa kumjibu. Hayo ni maharage. Siku mkigombana mnafunga mlango na kila mtu anabaki na chake. Lakini daftari la majina na zile picha msimpe, hata akiwabebea bure, hata mgongo ukiuma. Hiyo ndiyo miche, nijuavyo mimi, na pengine nimeelewa nusu tu. Majina yakishaota kwake, siku ya kuachana atawaambia kwa upole kabisa: mashine ni yenu, sikatai. Mashine ikijaa, futeni picha za mbuzi. Nyingi ni zangu, sitanuna.

Na kila mwaka kaeni tena muulizane: yale tuliyokubaliana naye, bado anayashika? Msione aibu kuuliza kwa sababu amewatendea mema. Mimi niliona aibu. Sijui mtandao mkubwa vile utaletaje kuku Bigwa, lakini tafuteni namna ya kumfanya aseme, kila mwaka, kwamba pale ni kwenu. Siku atakapoona hana haja ya kusema, ndiyo siku ya kushtuka.

Ukiona nimekosea, kata maneno yangu. Mtu aliyepoteza shamba moja hawi bingwa wa mashamba yote. Ila usikate kwa sababu umechoka. Mimi siku ile, pamoja na furaha, nilikuwa pia nimechoka kulinda.

Mungu akujalie mlango mpana, na ufunguo wake ubaki kiunoni mwako. Akupe wageni wa kheri, na kinywa cha kuwauliza wamebeba nini. Mama yako alale pema huko aliko, na alichokosa kwa mkono wangu ukipate kwa mkono wako.

Jumapili nitakuja. Mimi ni mtu wa kutangatanga, sijawahi kuwa na mahali pangu, na ule mtandao wako ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Nitakuja na kuku. Usiniambie, "Mjomba, ya nini, wewe ni wa hapa." Mpokee, umtie chunguni, tule na wenzako, nami mbele yao nitasema: nyumba hii ni ya Zamda.