Tiki Kumi na Sita za Bi Gundi

Bi Gundi hakuja kwetu kama mwalimu. Alikuja kufagia na kuosha vikombe vya watoto, na siku mwalimu wa darasa la wadogo alipougua, akaambiwa awashike watoto kwa saa moja tu. Saa hiyo imeingia mwaka wa ishirini na mbili. Jina hilo tulimpa sisi walimu wenzake, kwa sababu hajawahi kuonekana bila gundi iliyokauka vidoleni. Hata kwenye harusi ya binti yake, wakwe walimpa mkono wakaondoka na vipande.

Mimi nafundisha chumba cha pili, ukuta mmoja na wake, na nasema bila kupepesa macho kwamba sijaona mtu anayewapenda watoto kama yeye. Ndiyo maana yaliyotokea yaliniuma.

Miaka miwili iliyopita ilitoka amri: asiye na cheti cha elimu ya awali hataongoza darasa. Wenye umri wetu tulinuna. Bi Gundi alinuna siku moja tu, ya pili akaanza kufunika madaftari kwa karatasi ya kaki. Akawa anasoma chuoni Jumamosi na likizo, pamoja na wasichana wa umri wa wanawe waliomwita shangazi huku wakinakili majibu yake. Alifaulu kila mtihani. Ikabaki kazi ya mwisho, nayo ilikuwa kumchagua mtoto mmoja, kumchunguza mara mbili kwa wiki kwa wiki kumi, na kumjazia fomu. Anacheza na wenzake? Anashika penseli sawasawa? Anaitikia akiitwa? Unaweka tiki, unaongeza mistari miwili ya maelezo.

Alimchagua mtoto tuliyemwita Mpole, wa miaka mitano, binti wa mshonaji mmoja wa mtaa wa pili. Hagombani, halii. Wenzake wakisimama anasimama, wakiimba anafungua mdomo.

"Huyu hatanisumbua," Bi Gundi aliniambia. Nikacheka, maana hata mimi ningemchagua huyohuyo.

Sasa niseme aibu yetu. Fomu za namna hiyo, shuleni kwetu, hazikuwa zinajazwa mtoto akiwa mbele yako. Zilijazwa Ijumaa mchana watoto wakishaondoka, tumekalia viti vyao vidogo na magoti yamefika kidevuni, chai mkononi, kwa kukumbuka. Kujaza huko tulikuita kupika. Watoto ni thelathini na wawili na mikono ni miwili, nani atapata nafasi ya kusimama na kalamu? Wala hatukuona kuwa ni uongo. Tuliwajua watoto wetu, basi.

Wiki ya tatu, mshonaji alipomleta mtoto, alisita mlangoni. "Mwalimu, eti huyu hapa darasani anasikia vizuri? Nyumbani namwita mpaka nachoka."

Bi Gundi akafungua faili, akamwonyesha kwa kidole. Anaitikia akiitwa: tiki, tiki, tiki, tiki. "Anasikia, mama. Tazama mwenyewe."

Yule mama akashusha pumzi, akaenda zake kazini.

Alhamisi ya wiki ya tisa, watoto walitoka kunawa mikono. Mpole alibaki, ameupa mlango mgongo, anapanga vibao vyake. Bi Gundi akamwita. Kimya. Akamwita tena kwa sauti iliyonifikia mimi upande wa pili wa ukuta. Kisha akaangusha sinia la bati sakafuni makusudi. Mimi niliruka nikamwaga rangi. Mtoto hakugeuka hata kidogo. Mpaka Bi Gundi alipozunguka akasimama mbele yake, ndipo akainua kichwa, akatabasamu, akaona wenzake hawapo, akakimbia kuwafuata.

Nilipoingia nilimkuta amekaa chini, faili mapajani.

"Tiki kumi na sita," alisema. "Na sikumwita hata mara moja nikatazama kama ataitika. Hata moja, dada."

Msimamizi wa chuo alikuwa anakuja Jumatatu kukagua faili. Bila cheti, Bi Gundi angeshushwa kuwa msaidizi. Basi mimi, rafiki mwema, nikampa ushauri wa kijinga kuliko wote niliowahi kuutoa maishani.

"Andika kwamba wiki hii ndiyo ameanza kutosikia," nikamwambia. "Mwite mama yake ampeleke hospitali. Mtoto anatibiwa, wewe unapata cheti chako, nani ameumia?"

Naapa aliufikiria ushauri huo, kalamu ilikuwa mkononi mwake.

"Daktari atauliza ameanza lini," alisema. "Nikisema wiki hii, ataona ni mafua yameziba masikio. Atampa dawa ya matone, arudi nyumbani, na miezi mingine ipite hivihivi. Nikamdanganye na daktari?"

Nilikasirika. Nilimwambia anajifanya mtakatifu uzeeni, nikabamiza mlango. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria faili zangu mwenyewe kabatini.

Ijumaa mchana alimwita mshonaji, na mimi akaniomba nikae nao. Alimweleza yote, bila kupamba: fomu zinajazwaje, kwamba zile tiki alizomwonyesha zilitoka kichwani tu, kwamba mtoto huenda hakuwahi kumsikia vizuri tangu aanze shule. Nilisubiri kelele. Nilikuwa tayari kwa kelele.

Yule mama alitazama mikono yake. "Uliponiambia anasikia," alisema taratibu, "nikajua basi ni kiburi. Nimekuwa nikimchapa."

Nilikosa pa kuweka macho. Bi Gundi alilia mbele ya mzazi, jambo ambalo hatufanyi, na mshonaji akalia naye, kila mmoja kwenye kiti chake cha mtoto.

Jumatatu, msimamizi alikuta kila ukurasa umekatwa kwa mstari mwekundu, na juu yake maneno yaleyale: Sikuona, nilijaza tu. Alimpa pole, akamwandikia kwamba hajafaulu na arudie kazi yote mwaka unaofuata. Darasa akapewa binti mmoja mwenye cheti, na Bi Gundi akawa msaidizi katika chumba alichokiongoza miaka yote hiyo. Nilimwonea uchungu kuliko alivyojionea. Yeye alijifungia daftari dogo shingoni kwa kamba, akawa anaandika hapohapo anapoona jambo, kurasa zimegandana kwa gundi.

Huko hospitali walikuta sikio la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia kidogo, pengine tangu mtoto akiwa mchanga. Likizo ilipoisha, Mpole alirudi na kifaa nyuma ya sikio la kulia. Mshonaji alimfikisha mlangoni, safari hii hakuharakisha.

"Mwalimu," alimwambia Bi Gundi, "mimi nimemwomba msamaha mwanangu. Wewe umeshamwomba?"

Bi Gundi alikuwa ameomba msamaha kwa mzazi, kwa mwalimu mkuu, kwa msimamizi, hata kwangu kwa kunikatalia ushauri wangu. Kwa mtoto, hapana. Wala halikuwa limetupitia akilini, si yeye si mimi.

Akachuchumaa mpaka nyuso zao zikalingana. "Nisamehe," alisema polepole. "Nilikuwa sikutazami."

Mtoto alimkazia macho midomoni mpaka akamaliza, kama ilivyo kawaida yake.

"Mimi nilikuwa nakutazama, mwalimu," akasema. "Kila siku."