Nilivyofunga taa kwenye ghala la kahawa lililogeuzwa ofisi, Bujumbura

Wakuu, salama huko mliko?

Mi ni fundi umeme wa Buyenzi, Bujumbura. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Patron mmoja, mjenzi, alichukua ghala la zamani la kahawa huku Quartier Industriel. Akataka liwe ofisi ya wachoraji wake wa ramani za nyumba. Kazi ya taa yote akanipa mimi.

Miaka yote nafunga soketi na taa za varanda, leo jengo zima! Nilimpigia mama yangu hapo hapo.

Sasa, bati liko juu sana, kama ghorofa mbili. Nikajiambia dawa ni taa kubwa tu. Nikafunga LED floodlight nane.

Kuwasha, ghala likawa kama uwanja wa mpira. Nikageuka nisubiri sifa.

Wachoraji wote wameziba macho kwa viganja.

Espérance, mkongwe wao, huanza kila ramani kwa penseli. Akaniita mezani kwake.

"Apana, fundi. Angalia, kivuli ya mukono yangu inafunika kazi. Nitachora namna gani?"

Patron akamalizia mbele ya watu: "Tunafungua vendredi. Ukishindwa, naita mutu mwingine."

Aisee, ile aibu! Nikakusanya vifaa vyangu, nikaondoka nikihesabu siku zilizobaki mpaka hiyo Ijumaa.

Kesho yake sikugusa waya. Nilimwomba Espérance kiti chake, nikakaa toka asubuhi mpaka saa tisa, natazama tu.

Ndipo nikaona juu ukutani kuna vioo virefu, vimepakwa rangi tangu enzi za kahawa. Tulivikwangua siku mbili, na Espérance mwenyewe alipanda ngazi, kitenge kakifunga kiunoni! Mwanga ukaingia taratibu, jamani, mpaka matofali yakabadilika rangi.

Floodlight nikashusha zote. Kila meza nikaining'inizia taa ndogo upande wa kushoto, ili kivuli cha mkono kiangukie nje ya karatasi. (Mmoja anatumia mkono wa kushoto, yake nikaigeuza.) Taa ndogo nyingine nikazielekeza ukutani zisichome macho.

Ijumaa patron akakaa kwa Espérance, akachora mstari mmoja.

"Kivuli imeenda wapi?"

Mi nacheka tu.

Jumatatu Espérance akanipa karatasi iliyokunjwa. Ramani ya ile ofisi, taa zote zimo, na pembeni kaandika: Éclairage, yaani kazi ya taa, halafu jina langu kamili.

Wakuu, maisha yangu yote ya kazi nimeitwa "fundi" tu. Nilisoma lile jina mara tatu kama la mtu mwingine. Sasa liko ukutani sebuleni kwangu.

Nilichojifunza: kabla hujapanda ngazi, kaa kwanza kwenye kiti cha atakayefanya kazi pale.

Na nyie mliogeuza maghala kuwa ofisi, mwanga mliufanyaje? Mwageni hapa, nasoma yote.