Bomba la Moshi la Mume Wangu

Binti yangu alinionyesha picha kwenye simu yake: pikipiki mpya, taa ya mviringo, tangi linalong'aa, siti ndefu ya kahawia. Akaniambia zinatengenezwa hivyo makusudi ili zifanane na za zamani, na watu wa mjini wanazigombania. Nilicheka mpaka mgongo ukanikumbusha umri wangu. Mimi hizo za zamani zenyewe nimezisukuma. Nimesukuma moja kwenye tope la njia ya Murongo nikiwa na mimba ya miezi saba, na sikuona cha kugombania.

Lakini sina haki ya kucheka sana. Jambo hilo nililiona huku kwetu Isingiro zamani, kabla watu wa mjini hawajalishika.

Mume wangu alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1978, miezi michache kabla ya vita, alikabidhiwa pikipiki iliyoachwa na mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Hata siku hiyo haikuwa mpya. Ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyegoma, na kuiwasha kulitaka kiki kumi au kumi na tano. Mara nyingine kiki ilirudi kwa nguvu ikampiga kwenye ugoko, naye kwa kuwa alikuwa mchungaji hakuweza kusema alichotaka kusema. Nilikisema mimi, moyoni.

Baada ya vita mafuta yakawa shida, vipuri vikawa shida zaidi. Bomba la moshi likatoboka. Fundi akaliziba kwa bati la kopo, likatoboka tena pembeni, naye mume wangu akaliacha hivyo hivyo. Tangu hapo pikipiki ikawa na mlio wake yenyewe: dudududu, kisha kikohozi, kisha dudududu.

Mlio huo ulikuwa na kazi. Nyumba yetu iko juu ya kilima. Barabara inatokeza kwanza kwenye kilima cha ng'ambo, inashuka bondeni kwenye mafunjo, ndipo inapanda kwetu. Akitokeza tu kule ng'ambo, kilima chote cha huku kilimsikia. Na kwetu mgeni haulizwi kama ana njaa, kwa sababu kumuuliza ni kama kumwambia hukumtarajia. Inatakiwa akute chungu kiko motoni. Kwa hiyo mlio ukisikika, wanawake wote waliokuwa na zamu ya ibada ya nyumbani walishika visu na kuanza kumenya ndizi. Nami nilimenya zangu, kwa kuwa popote atakapokula ilikuwa lazima ale na kwangu. Kutoka kumsikia hadi kumwona uani, kwa mwendo wa pikipiki ile na kwa jinsi alivyosimama kusalimia kila kibanja cha migomba, ndizi zilikuwa zimeshaanza kuiva.

Nilifanya hivyo miaka mingi. Sisemi nilifurahi kila siku. Kuna siku nilikuwa nimetoka kulima, mikono inaniuma, watoto wanalia, nasikia dudududu ng'ambo ya bonde, natamani iharibikie huko huko angalau nipumzike kidogo. Kisha naketi na kushika kisu.

Alikufa mwishoni mwa miaka ya tisini, kitandani, kwa ugonjwa wa kifua. Pikipiki tuliiingiza kwenye banda la kuni, na kuku wakaanza kutaga juu ya siti yake. Kazi yangu kubwa baada ya hapo ilikuwa kujifunza kutosikiliza. Watoto walikuwa wameshaolewa na kuoa, nyumba ilikuwa yangu peke yangu, na kila mchana inapofika saa saba sikio langu lilienda ng'ambo bila kuniuliza. Gari la kahawa likinguruma, nilinyanyuka. Mashine ya kusaga ikiwashwa, nilinyanyuka. Nilikasirika sana na nafsi yangu. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuweza kukaa tu kwenye mkeka wangu, mchana, bila kunyanyuka. Nilipoweza, niliona nimepata kitu, na sikutaka mtu anichukulie.

Ndipo akaja mchungaji kijana. Alipewa pikipiki mpya, nyepesi, tangi la plastiki, taa ya pembe nne. Ililia kidogo tu, kama cherehani. Ilikuwa haikwami na haili mafuta. Mimi ningekuwa mke wake ningeibusu. Lakini yeye siku moja alisimama mlangoni mwa banda langu la kuni, akatazama ile takataka ya kuku kama anayetazama bibi harusi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotewa na nini humo?"

"Mama, hii ndiyo pikipiki. Tazama hii taa. Tazama tangi lilivyokaa." Akapangusa kinyesi cha kuku kwa leso yake. "Za siku hizi hazina sura."

Nilimuuliza kama amewahi kuendesha moja ya hizo. Akasema hapana, ila alipokuwa mdogo mchungaji wa kwao alikuwa nayo, na walikuwa wakikimbia nyuma yake mpaka kanisani. Nikaelewa. Walioipenda ni wale waliokuwa wanakimbia nyuma yake. Sisi tuliokuwa tunaisukuma hatukupata nafasi hiyo.

Nikampa taa na tangi, na siti baada ya kuhamisha kuku. Sikuona uchungu wowote, niliona banda linapata nafasi. Fundi wa Nkwenda akavipachika kwenye ile mpya, akakata hapa, akachomelea pale, na vijana wa sokoni wakajaa kuishangaa. Baada ya muda nao wakaanza kutafuta taa za mviringo.

Kisha akarudi kutaka bomba la moshi.

"Hilo hapana," nikamwambia.

Akarudi tena mwezi uliofuata. Nikamwambia limeoza. Akasema fundi ameliona, linafaa. Nikamwambia hata likifaa silitoi, akaondoka ameinamisha kichwa. Sikumweleza sababu. Ningemwambiaje mchungaji mzima kwamba nimejifunza kuketi na sitaki kuanza tena kunyanyuka?

Aliyenishinda ni jirani yangu, bibi mmoja mwenye asili ya Rwanda ambaye tuliimba naye kwaya tangu ujana. Alikuja akaketi, akavua kanga ya mabega, akasema, "Waitu, ndugu yangu, mchungaji wetu huyu anatunyatia kama mwizi wa ndizi. Jana ameingia uani kwangu jiko baridi, nimekaa nachambua maharage. Nikamwomba angoje, akasema hana muda. Ameondoka kwangu na njaa. Kwangu mimi! Nitauweka wapi uso wangu?" Alikuwa anakaribia kulia. Akaniambia wenzake wote yamewapata, na kwamba kijana analitaka lile bomba ili asikike kutoka ng'ambo, watu wawahi kujiandaa.

Kumbe haukuwa urembo tu. Nilikaa na neno hilo siku mbili, nimechoka nalo, kisha nikalitoa bomba mwenyewe na kulipeleka kanisani nimelibeba kwenye ungo.

Siku ya kwanza lilipolia nilikuwa uani. Nilijua limefungwa. Nilijua nani yuko juu yake. Dudududu ng'ambo ya bonde, kisha kikohozi. Nilipokuja kujitambua nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, kisu mkononi, nimeshamenya mkungu nusu. Ndizi za kulisha watu wanne. Mlio ukapanda kilima, ukafika kwenye kona ya kibanja changu, ukapita. Alikuwa anakwenda kwa yule bibi, na hiyo ilikuwa haki yake. Mimi nililia pale pale, mikono ina utomvu siwezi hata kujifuta.

Jumapili nikamngoja baada ya ibada. Nikamwambia ukweli wote, maneno machache. Nikamwomba akifika kwenye kona ya chini ya kibanja changu azime injini, aiwashe akishapita.

"Kuanzia ng'ambo nitakusikia, hilo nitavumilia," nikasema. "Nisikusikie ukinipita."

Akasema, "Sawa Mama."

Mimi, kwa uchovu wangu, sikufikiri kwamba pale ni mlima. Pikipiki ikizimwa mlimani haiendi.

Msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Nilisikia ng'ambo, nikajikaza, sikushika kisu. Mlio ukafika kwenye kona ukazimika. Nikangoja uwake upande wa pili, haukuwaka. Nikatoka nikasimama chini ya migomba. Mchungaji alikuwa katikati ya tope, kola yake nyeupe imelowa, ameinama juu ya usukani anasukuma. Inasogea hatua moja, inarudi nusu. Taa ya mviringo ilikuwa inanitazama. Kwa mbele alikuwa mume wangu kabisa, isipokuwa mume wangu hakuwahi kuisukuma peke yake.

Niliivua kanga ya mabega nikaifunga kiunoni. Nikashuka, nikaenda nyuma, nikaweka mikono kwenye keria.

"Mama, acha! Mama, tafadhali."

"Shika usukani wewe."

Tukasukuma. Mgongo ulinipasuka. Tope liliniingia vidoleni kama lilivyoniingia njia ya Murongo. Tulipofika usawa wa mlango wangu nikasimama kuvuta pumzi, naye akasimama. Nilitazama lile bomba, lile bati la kopo bado limeng'ang'ania pembeni. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kusikiliza, nimechoka kutosikiliza, na sasa nilikuwa nimemchosha na mtoto wa watu.

"Washa," nikamwambia.

"Mama, bado hatujapita kwako."

"Najua tulipo. Washa."

Akapiga kiki. Ilikubali mara ya kwanza, injini yake ilikuwa mpya. Mlio ukajaa uani, kuku wakatawanyika. Nililazimika kupaza sauti ili anisikie.

"Unakwenda kwa nani leo?"

Akanitajia familia moja ya juu kidogo, mwendo wa robo saa.

"Wao wamekusikia, wameshamenya. Nenda ukale," nikasema. "Ukirudi simama hapa. Na kwangu utakuta chungu kiko motoni."