Bawa Lililokuwa Fungu Langu

Wasomaji wa gazeti hili, mnisamehe kwa makosa ya kuandika na kwa herufi zangu zinazopanda na kushuka. Niliishia shule ya msingi na mkono wangu ni mzito. Lakini jambo hili limenijaa moyoni, siwezi kulinyamazia.

Maji yalipopungua, tulivuta kikapu chetu cha kuvulia pale maporomoko ya Kisangani, mji ambao wazungu wanauita Stanleyville. Ndani tulimkuta tai, yule mwenye kichwa cheupe anayekula samaki. Alikuwa amefuata samaki, mkondo ukambana kwenye miti inayoshikilia kikapu, bawa likavunjika.

Kwetu, kilichoingia kikapuni ni cha wote walioshika kamba. Hakiuawi mpaka kila mmoja ataje fungu analotaka. Mimi ni mtu wa haya, siku zote nasema, "Kama papa," yaani fungu lilelile analotaja baba yangu.

Karibu yetu alisimama muzungu mmoja, profesa wa waganga wa wanyama, aliyetoka Yangambi kutazama ndege.

"Musimuue," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Hili bawa linaweza kupona."

Tonton, ndugu yake papa, akacheka. "Munganga, huyu si mugonjwa. Huyu iko chakula."

"Mwalimu wangu alisema vilevile," profesa akajibu. Akatueleza kwamba alianza kazi kwa ng'ombe na farasi, mpaka mama mmoja alipomletea kasuku mgonjwa. Mwalimu wake akasema dawa ya ndege ni chumvi na moto. Yeye akamtibu, kasuku akapona. Tangu hapo ametibu bundi, kobe, hata nyoka, na sasa anafundisha wengine.

Nilisikiliza mpaka nikasahau kamba mkononi.

"Na wewe, fungu lako?" papa akaniuliza.

"Bawa," nikasema. "Lile lililovunjika. Nalitaka likiwa hai."

Tonton alinitazama, kisha akamgeukia papa. "Alors, bawa hai litakaa kwa ndege ya kufa namna gani? Mutoto wako ametunyima chakula sisi wote." Lakini alikuwa anacheka, na neno lililosemwa kwenye kamba halirudishwi.

Profesa alilifunga bawa mwilini kwa kitambaa. Alinionyesha nisikaze kifuani, maana ndege akibanwa kifua hapumui. Nilimlisha samaki wadogo, naye akanilipa kwa kunidonoa. Kila profesa aliporudi kwa mashua, alilinyoosha bawa kidogo lisikakamae.

Asubuhi ya kumwachilia, wote walioshika kamba walikuja. Tonton alimbeba mpaka juu ya mwamba. "Ukianguka, mimi iko na sufuria," akamwambia.

Tai akaanguka kweli, karibu aguse povu. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa juu ya maji, bawa langu la kushoto likining'inia chini kidogo kuliko lingine, akishuka na mto. Nilikimbia juu ya mawe nikipiga kelele, mimi ambaye huwa sisikiki hata mezani.

Sijui kama anaweza kuvua. Nyinyi mnaokaa huko mto unakoshukia, Yangambi, Yanonge au Isangi, mkimwona tai ambaye bawa lake la kushoto linashuka kidogo, niandikieni, hata mstari mmoja. Nitajibu, ijapokuwa polepole.