Mpunga wa Kwenda Chunya

Kesho narudi shule, Mbeya, na tangu asubuhi siwezi kutulia. Nafungua sanduku, nafunga, nafungua tena. Mama ameniambia, "Kaa basi! Umerithi miguu ya baba yako." Maneno yale yamenirudisha mbali, siku zile baba akijiandaa kwenda Chunya kutafuta dhahabu.

Ngoja nikueleze. Hapa kwetu Bujonde tukishavuna mpunga, wanaume wengi hupumzika. Baba hakuweza. Utamwona anazunguka nyumba, anakwenda barabarani kutazama magari yanayopanda Tukuyu, anarudi, hata chai hamalizi. Halafu asubuhi moja tunasikia chuma kinagonga chuma uani: anakaza mpini wa sururu. Hapo nilijua safari imeiva.

Vitu vyake vilitandazwa mkekani kama vya kuuzwa. Koleo fupi, nyundo na tindo, kamba, turubai, tochi ya kuvaa kichwani, na karai la kuoshea mchanga wa dhahabu, ambalo siku nyingine zote mimi nililitumia kuogea. Mama alikausha usipa, dagaa wa ziwani kwetu, motoni mpaka wakawa wanavunjika kama vijiti, akawafunga na chumvi. Nyumba nzima ilinuka ziwa. Mchele ukaja kutoka mashineni, ule wetu unaonukia hata haujapikwa.

Cha mwisho kilikuwa cha bibi, mama yake baba. Alikuja na kifurushi kidogo cha kitenge, akakisukuma katikati ya mchele. Ndani mlikuwa na mpunga. Mpunga, na maganda yake!

Jirani yetu, aliyewahi kwenda machimboni akarudi na kikohozi tu, alicheka hadi akashika mbavu. "Mama, huko kuna kinu? Au atakoboa kwa meno?"

"Ndiyo maana," bibi akasema. "Kinu kiko hapa. Akitaka kuula, arudi."

Baba alikigusa kile kifurushi, akainama kidogo. "Ndaga, juba." Asante, mama.

Na alikuwa anarudi, mvua za kwanza zikianza. Dhahabu sikuwahi kuiona. Nilichoona ni kile kitenge, kimegeuka chekundu kwa vumbi la Chunya, fundo la bibi halijaguswa. Bibi aliutwanga mpunga ule hata kabla ya kumuuliza habari za safari, mimi napepeta, pumba zinaniingia machoni. Ulipikwa peke yake, na kila mtu alipata tonge moja. Langu nililiweka mdomoni bila kumeza. Niliona kama nikimeza tu, baba ataanza kutazama tena barabara.

Mwaka ambao nilianza kidato cha kwanza, mvua zilianza na baba hakuja. Alipiga simu. Niliweka sauti kubwa ili bibi asikie.

"Mwambie bibi yako siku hizi mashine ya kukoboa iko huku huku machimboni!" alisema, amechangamka kweli. "Mpunga wake tumeula na wenzangu. Mtamu huo!"

Bibi alitoka nje, akakilaza kinu ubavu, akaingia kulala na jua bado liko juu. Kuku wakaanza kutagia mle ndani.

Baba hupiga simu bado. Shimo lake kila siku limekaribia mwamba wenye mali, kila siku bado kidogo. Mama haulizi tena. Sasa hata mpunga wa bibi tunaukoboa mashineni, mchele unatoka mweupe kabla hujamaliza kusalimiana na watu, na sijui kwa nini ninaukumbuka mlio wa kinu kuliko ninavyoikumbuka sauti ya baba ya wakati ule. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo.

Jioni hii bibi ameingia chumbani nikikunja sare. Hakuniangalia. Amechomeka kitu katikati ya sabuni na soksi, akatoka akiburuta kandambili zake. Nimekipapasa juu ya kitenge. Kinachoma vidole: mpunga, na maganda yake.

Mbeya mashine ziko kila kona, bibi anajua. Nimekirudisha sandukuni, nikaenda uani. Nimewafukuza kuku, nikatoa majani na mayai mawili, nikakisimamisha kinu.